Ishirini Ilikuwa Kwenye Kalavati

Barabara ya Mwamkulu imepitiwa na greda. Habari hizo nilizisikia saluni kwangu, Ilembo, mteja mmoja akiwa amekaa chini ya draya anasifia jinsi bodaboda zinavyofika upesi siku hizi. Jumapili nilipokwenda kumwona baba nikaona kweli. Barabara imekuwa pana, nyekundu, imenyooka. Kalavati la zamani limeng'olewa na jipya limewekwa mbele zaidi. Tanuru la matofali lililokuwa pembeni limesawazishwa, limebaki doa jeusi tu, na harufu ya udongo uliochomwa ambayo mvua ikinyesha inaamka upya. Nikamwomba dereva wa bodaboda asimame. Nikashuka, nikabaki nimesimama pale.

"Dada, umedondosha kitu?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, twende. Ningemweleza nini? Kwamba pale kwenye doa jeusi palikuwa kumi, na kwenye kalavati palikuwa ishirini, na kwamba kuna mwaka mmoja wa utoto wangu ambao nusura niishie humo humo, ndani ya njia ile, nisitoke?

Tulihamia Mwamkulu tukitoka kwenye makazi ya wakimbizi, kule ambako babu na bibi yangu walipokelewa zamani walipotoka Burundi, na ambako baba alizaliwa, nami nikazaliwa. Baba alikuwa amepata karatasi zake za uraia na eneo la kulima mpunga. Bibi yangu, Nyogokuru, alikataa kuhama. Alisema amehama mara moja na inatosha. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nyumbani tuliongea Kirundi. Kiswahili nilikuwa nacho, lakini kilikuwa Kiswahili cha kuitikia darasani na kuimba kanisani. Nilijua maneno, sikujua yanavyobadilika yakitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Siku ya kwanza ya shule mpya baba alinisindikiza kwa miguu. Kulikuwa mbali. Tulipotoka tu uani akaniambia, "Jenerosa, kurudi utarudi peke yako, mimi nitakuwa shambani. Kwa hiyo tuhesabu vitu. Ukihesabu hutapotea. Na tuhesabu kwa Kiswahili, tuzoee wote."

Tukahesabu. Moja, jiwe lenye ufa. Mbili, kichuguu. Tatu, nyumba yenye mlango wa bluu. Tukaenda hivyo mpaka tisa, na kumi ikaangukia kwenye tanuru la matofali. Baba akafurahi, akasema basi kila kumi tuipe kitu kikubwa, na katikati tutafute vidogo tisa. Ishirini ikawa kalavati. Thelathini, mashine ya kusaga. Arobaini, kanisa la bati. Hamsini, pampu ya maji. Sitini, kibanda cha fundi baiskeli. Sabini, nguzo ya umeme iliyoinama. Vitu vidogo tulivichagua wenyewe, na pale vilipokosekana baba aliweka jiwe au akaniambia nikumbuke harufu, maana palikuwa na sehemu moja, arobaini na sita, ambapo daima palinuka maharage yanayochemka. Tulipofika kwenye mlingoti wa bendera wa shule baba akasema, "Themanini. Umefika."

Nikamwamini kabisa. Mia nilikuwa nimeisikia, nilijua ipo, kama nilivyojua kwamba Dodoma ipo. Lakini ya kwangu mimi, ya kukanyaga kwa miguu, iliishia themanini.

Kwa wiki kadhaa nilikwenda nikihesabu kupanda na nikarudi nikihesabu kushuka. Halafu sikuhitaji tena kuhesabu. Ukiniambia hamsini na saba nilikuwa nimeshafika, nimesimama vitu saba mbele ya pampu, na mbele yangu naona kibanda cha fundi. Hayo mambo leo kwenye semina za walimu yanaitwa ubunifu, na mabinti wa ualimu wanaokuja kusukwa kwangu huniambia kwamba siku hizi wanafundishwa kumwacha mtoto atafute njia zake. Mimi sikujua kwamba nilikuwa nabuni chochote. Nilidhani namba ndivyo zilivyo kwa kila mtu, kwamba kila mtoto ana zake, zimepangwa kutoka kwao mpaka shuleni.

Darasa la tatu tulikaa wanne kwenye dawati moja. Mimi nilikuwa wa mwisho, upande wa ukutani. Ili nitoke ilibidi wote watatu wasimame, na hawakupenda kusimama, kwa hiyo nilijizoesha kutohitaji kutoka. Bega langu la kushoto lilikuwa na chokaa ya ukuta kila siku. Madirisha yalikuwa juu, yamewekwa wavu wa chuma, na darini walikaa popo. Jua likipiga bati, harufu yao ilishuka ikatukalia vichwani. Aliyekaa karibu nami alikuwa Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma, mwenye sauti kubwa hata akinong'ona. Ndiye aliyenifundisha nani ni nani.

Mwalimu wetu wa hesabu aliitwa Mwalimu Sikazwe. Alikuwa mrefu, shati limechomekwa vizuri, kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele mtamchukia kidogo. Alikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na alichotaka ni kila kitu kiandikwe mahali pake.

Jaribio la kwanza lilikuwa maswali kumi, kujumlisha na kutoa. Nikajibu manane nikaacha mawili, yale ambayo yalivuka themanini. Daftari liliporudi, manane yote yalikuwa sahihi. Lakini pembeni ya kila jibu, kwa wino mwekundu, Mwalimu alikuwa ameandika neno moja: Njia? Na chini kabisa, amepigia mstari: Onyesha njia.

Aliniita mbele. "Umenakili kwa nani?"

Nikalitazama daftari.

"Jirani yako nani? Kabula!"

"Kwangu hapana, Mwalimu," Kabula akasema kutoka kule kule. "Mimi mwenyewe nimepata tatu."

Watoto wakacheka. Mwalimu akanirudishia daftari. "Kesho ukileta majibu bila njia, sisahihishi. Nataka njia. Umesikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilikuwa nimesikia. Njia nilijua maana yake. Kwa Kirundi ni inzira, unayoipita kwa miguu. Nilishangaa tu amejuaje. Nilishangaa kwamba Mwalimu, kwa kuangalia majibu peke yake, ametambua kwamba nimetembea. Niliona ni mtu mwenye akili nyingi sana, na jioni ile nikakaa uani na penseli, nikamchorea. Chini ya kila swali nilichora njia yetu kutoka nyumbani: jiwe, kichuguu, mlango wa bluu ambao niliupaka kwa jani kwa kukosa rangi, tanuru na moshi wake, kalavati, mashine. Nilipofika kwenye jibu niliweka alama ya mguu.

Kesho yake Mwalimu alilishika daftari langu kwa muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Njia, Mwalimu."

"Njia ya kwenda wapi?"

"Nyumbani."

Darasa lilivyocheka, nilihisi sauti ile ikipita kwenye ubao wa dawati mpaka mifupani. Mwalimu hakucheka. Aliona ninamchezea mbele ya watoto. Akasema kwa utulivu, "Mapumziko hutoki. Utakaa humu mpaka uonyeshe njia."

Kengele ikapigwa, wenzangu wakamiminika nje, na Mwalimu akavuta mlango akaweka komeo kwa nje ili wengine wasirudi kunisumbua. Nikabaki na popo. Nje walikuwa wanaruka kamba. Nilisikia kamba ikipiga ardhi na wasichana wakihesabu, na walipofika themanini hawakusimama, waliendelea tu, na mimi sikujua walikuwa wanakwenda wapi.

Nikafungua daftari nikatazama mchoro wangu. Sikuona kosa. Nikafikiri labda njia haijakamilika, labda Mwalimu ameona nimeruka kitu. Nikaongeza mbwa wa fundi baiskeli. Nikaongeza yule mama aliyechemsha maharage kwenye arobaini na sita.

Hivyo ndivyo zilivyopita siku, sijui ngapi. Kila siku Mwalimu aliuliza njia, kila siku nilimpa njia nzuri kuliko ya jana, na kila siku alikasirika zaidi. Mara mbili alinichapa mikononi. Mapumziko yote nilikaa ndani. Kabula alikuja dirishani, akasimama juu ya tofali, akanipitishia karanga moja moja kwenye matundu ya wavu.

"Wewe, si umwandikie tu njia anayoitaka," alisema.

"Ipi?"

"Ile ya makumi na mamoja. Unaanza huku kulia."

"Hiyo iko wapi?"

Kabula akacheka mpaka karibu aanguke kwenye tofali. "Haiko mahali! Ni ya kwenye daftari tu."

Sikumwelewa. Njia ambayo haiko mahali popote, mtu anaipitaje? Nilidhani ananitania.

Halafu akaja Senge. Senge ni shangazi, dada yake baba. Alikuwa na mgahawa Sitalike, kandokando ya barabara, na alikuwa na mtoto mchanga. Alifika saa nane mchana na mtoto mgongoni, akakaa na wazazi wangu wakimenya maharage mabichi, na mimi nilikuwa ndani nakunja nguo. Waliongea Kirundi, kwa hiyo hakuna kilichonipita.

"Nipe Jenerosa," Senge alisema. "Amshike huyu, mimi nipike. Huko shule anafanya nini? Nasikia kila siku anafungiwa ndani."

"Ni mwanafunzi," mama akasema.

"Wanasema anarudishwa darasa la kwanza. Akirudishwa atakuwa na miaka mingapi akimaliza?"

Baba aliendelea kumenya. Nilisikia maharage yakianguka kwenye sufuria. Mwishoni akasema, "Wakimrudisha darasa la kwanza, njoo umchukue. Wasipomrudisha, mwache."

Nikakaa kitandani na shati la baba mikononi. Sitalike nilikuwa nimepita mara moja tu, ndani ya lori. Sikuwa na namba hata moja ya kule.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi njiani likanijia jambo lililokuwa baya kuliko Sitalike. Kwa nini Mwalimu anataka njia ya kwetu? Kule makazi, nilipokuwa mdogo, walikuwa wakija watu wenye mafaili. Sikujua wametoka wapi wala wanaandika nini, nilijua tu kwamba wakubwa walinyamaza wanapofika, na kwamba kila wakati kulikuwa na maneno ya chini chini: watatuhamisha, hawatatuhamisha. Watu wale walituuliza sisi watoto, kwa upole kabisa, njia ya kwenda kwa fulani ni ipi? Na Nyogokuru alikuwa ameniambia mara nyingi, akinishika kidevu ili nimtazame: mtu usiyemjua akikuuliza njia ya kwetu, wewe hujui.

Nami nilikuwa nimemchorea Mwalimu njia nzima. Kwa alama za miguu. Pamoja na mbwa.

Nilisimama pale, kumi na tisa, hatua moja kabla ya kalavati, na miguu ikakataa kwenda. Nyuma kulikuwa na nyumba ambayo nilikuwa nimeifichua mimi mwenyewe. Mbele kulikuwa na darasa lenye komeo. Na hakukuwa na barabara ya tatu. Nakumbuka nilitamani kuingia ndani ya kalavati, nikae humo katikati ya maji na giza, ambapo si ishirini wala kumi na tisa.

Nilikwenda shule. Siku hiyo kulikuwa na jaribio, na Mwalimu alikwisha sema kwamba hilo ndilo la kuamua nani anabaki darasa la tatu. Akanikalisha peke yangu mbele. Na mimi nikaamua kumpa njia ya uongo.

Lakini nilikuwa mtoto mkweli hata katika uongo. Niliona kwamba njia na jibu lazima vikubaliane. Siwezi kupita njia moja halafu nikamwonyesha nyingine, atajua. Kwa hiyo nikafanya hesabu zote kwenye njia ya uongo. Niliitengeneza pale pale, kwa vitu vya kule makazi: banda la kukaushia tumbaku, mnazi ambao haukuwepo hata kule, daraja la miti, mwamba. Sikujua kumi iko kwenye nini. Nilipotaka kurudi nyuma, vitu vilikuwa vimebadilika mahali. Ilikuwa kama kutembea ndani ya nyumba ya mtu usiku bila taa. Nilitoa jasho. Nikaandika majibu kumi na nikachora njia kumi, na hakuna hata moja iliyofika kwetu.

Nilipata sifuri. Mwalimu hakupiga kelele. Aliandika sifuri akaizungushia, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, akasema, "Kesho uje na baba yako."

Baba alikuja na kofia yake ya kanisani, akaivua mlangoni mwa ofisi akaishika kwa mikono miwili. Mimi nilisimama kati ya meza na kabati.

"Habari za kazi, Mwalimu."

"Salama, mzee. Karibu." Mwalimu akaweka daftari langu mezani. "Huyu mtoto sijui nimfanyeje. Namwambia aonyeshe njia, ananichorea picha. Mwanzoni majibu yalikuwa sahihi, nikajua ananakili. Jana nimemtenga, nimemweka peke yake pale mbele, kapata sifuri. Kwa hiyo mwenyewe unaona."

Baba akafungua daftari kuanzia mwanzo, taratibu, kwa kidole kinene chenye udongo. Akatabasamu. "Hili tanuru. Hili kalavati. Huyu mbwa wa fundi." Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Alipofika kwenye ule wa mwisho tabasamu likaondoka.

"Hii siyo njia yetu," akasema.

"Samahani?"

"Mwalimu, hii ya mwisho siyo njia yetu. Zile zote ni sawa, nimepita naye mimi mwenyewe. Hii ni uongo." Akanigeukia. "Jenerosa. Kuki? Kwa nini umemdanganya mwalimu?"

Kiswahili chote kikanitoka. Nikasema kwa Kirundi, nikilia, yote kwa pamoja, mafaili, Nyogokuru, kidevu. Baba alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Alipoanza kutafsiri aliongea polepole, akichagua.

"Anasema, Mwalimu, alifikiri unataka njia ili uje nyumbani."

"Nije kufanya nini?"

Baba akaizungusha kofia. "Kutuondoa."

Mwalimu Sikazwe aliitoa ile kalamu nyekundu mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Nje kulikuwa na darasa linaimba jedwali la tano. Akauliza, sauti imeshuka, "Na yale majibu ya mwanzo? Aliyapata wapi?"

"Muulize mwenyewe."

Mwalimu akanisogezea daftari, akafungua ule ukurasa wa njia ya kweli. "Hamsini na mbili, toa thelathini na nane."

Nikaweka kidole vitu viwili kabla ya kanisa. Nikafika kanisani, mbili. Nikaenda mpaka kwenye pampu, kumi na mbili. Nikapita vitu viwili. "Kumi na nne."

"Kwa nini unaanzia kwenye thelathini na nane? Nimesema utoe. Rudi nyuma."

"Kurudi ni mbali, Mwalimu. Ukisimama kwenye thelathini na nane, hamsini na mbili unaiona."

Akanipa nyingine. Ishirini na saba jumlisha thelathini na tano. Sabini na moja toa arobaini na sita. Alikuwa anaandika pembeni kwa njia yake, kuhakiki, na mara moja mimi nilimaliza kabla yake. Baba alikuwa amesahau kofia, imeanguka chini. Kisha Mwalimu akasema, "Sitini na tano, jumlisha thelathini."

Kidole changu kikaenda mpaka kwa fundi, nguzo ya umeme, mlingoti. Kikafika ukingoni mwa karatasi.

"Hapa njia imeisha," nikasema.

Mwalimu aliinuka akaenda dirishani, akautazama mlingoti kama mtu ambaye hajawahi kuuona. Aliporudi hakuniomba msamaha, na sikutegemea. Enzi zile mwalimu hakumwomba mtoto msamaha. Aliongea na baba.

"Mzee, mtihani wa taifa hausahihishwi na mimi. Atakayesahihisha halijui kalavati lenu. Lazima mtoto ajue na njia ya kwenye daftari." Akanigeukia, akachukua karatasi, akachora mistari miwili ya kusimama. "Tazama. Vile vitu vidogo viweke huku kulia. Vile vikubwa, tanuru na kalavati na nini, viweke huku kushoto. Ukipata vidogo kumi, umefika kwenye kikubwa, unakihamisha upande wa pili. Basi. Ndiyo hiyo njia. Mimi siji kwenu."

Nikaiona. Ilikuwa njia ile ile, imekunjwa tu ili ienee kwenye karatasi.

Nilibaki darasa la tatu. Senge alikuja mwisho wa mwezi na kanga mpya ya mimi kumbebea mtoto, baba akampokea, akampa chai, akamwambia atafute msichana mwingine. Senge hakutuzungumzisha mpaka Pasaka. Mambo mengine hayakubadilika. Bado nilikaa ukutani, bado bega lilikuwa jeupe, bado Mwalimu alichapa waliochelewa. Na namba zinazovuka themanini zilikuwa bado ukuta. Niliziandika kwenye mistari yake miwili, nikapata majibu, lakini nilikuwa naandika tu. Sikuwa mahali popote.

Mwalimu lazima aliliona hilo, kwa sababu Ijumaa moja, mapema baada ya uji, aliniita mimi na Kabula.

"Mpelekeeni mama mwalimu hizi mboga," akasema, akatupa mfuko wa mchicha. "Nyumba yangu iko mjini, karibu na stesheni. Mnapajua?"

Hatukupajua. Akachukua chaki, akainama, na kwenye sakafu ya baraza akatuchorea: mlingoti, njia panda, ghala la mahindi, msikiti, nyumba yake yenye mpapai, na nyuma ya nyumba, reli. Alichora vibaya sana. Msikiti ulifanana na sufuria.

"Msirudi mbio mbio," akaniambia mimi. "Tazama vitu."

Tulikwenda. Themanini na moja ilikuwa tairi lililozikwa nusu. Kabula aliongea njia nzima na mimi nilishika ninavyoweza, lakini mjini vitu vilikuwa vingi mno, vinasogea, pikipiki na mikokoteni na watu, na baada ya ghala nikapoteza hesabu. Nikakata tamaa kimya kimya. Tukafika kwenye mpapai, mama mwalimu akapokea mchicha akatupa maji ya kunywa na kipande cha muhogo. Kabula akataka kuona treni, kwa hiyo tukazunguka nyuma.

Hapakuwa na treni. Kulikuwa na reli tu, na mafuta meusi juu ya kokoto, na jua. Mzee mmoja mwenye fulana ya kazi alikuwa amekaa kivulini. "Nyie watoto, treni leo haipo," akasema.

"Reli inaishia wapi?" nikamuuliza.

"Inaishia hapa hapa. Mpanda ndiyo mwisho."

Lakini mimi nilikuwa nimesimama nimeuelekeza uso upande wa pili, na huko haikuwa imeisha. Kabula alikuwa tayari anaruka kwenye mataruma, hivi vipande vinavyolaliwa na reli, mguu kwa mguu. Nikaanza nyuma yake. Moja. Mbili. Yote yalikuwa sawa. Hakukuwa na mlango wa bluu, hakukuwa na jiwe lenye ufa wala harufu ya maharage, hakuna cha kukumbuka, na mwanzoni hilo lilinitia hofu. Halafu nikaona kwamba kwa kuwa yanafanana, hakuna litakalopotea. Kumi. Ishirini. Hamsini. Kwenye themanini nilisimama, mguu mmoja juu, kwa mazoea tu.

"Unangoja nini?" Kabula akasema, akiwa mbele yangu. "Themanini na moja."

Nikakanyaga. Themanini na moja. Tisini. Mia ilikuwa taruma kama mengine, lina tone la mafuta, na nilipolifikia hakuna kilichotokea. Mzee wa fulana alikuwa anatuita turudi. Mbele yetu reli ilikuwa inakwenda, inakwenda, mpaka inakuwa uzi.

"Mia na moja," nikasema, kabla Kabula hajasema.